Uzi: Bustani ya mboga nyumbani bila dawa za dukani, kwa sisi wa mchanga wa Mtwara na Lindi

Mama Matuta (mwanzisha uzi)

Mtwara kuchele! Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za leo.

Majirani huniuliza mara kwa mara mboga zangu nazipataje bila dawa wala mbolea ya dukani, na kila nikieleza pale mlangoni nakuta nimesahau nusu. Leo nimekaa niandike yote, anayetaka kuanza aanze akijua. Mimi si bibi shamba. Naishi Mtwara mjini, kiwanja cha kawaida, uani kuna mkorosho mmoja mzee uliobaki tangu eneo hili lilipokuwa shamba. Nina matuta manne na magunia sita, na huu ni mwaka wa tano.

Kilichonianzisha ni mchicha. Nilikuwa nanunua kwa kijana mmoja anayelima bondeni, majani mapana, hayana tundu hata moja. Asubuhi moja nikawahi, nikamkuta na bomba la dawa mgongoni. Akaliweka chini, akanawa mikono, akanikatia fungu kwenye tuta la pili. Nikamuuliza, hili umelipiga lini? Akasema juzi. Mwanangu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa anaanza kula ugali kwa mchicha. Sikumlaumu yule kijana. Alinionyesha kichupa cha dawa, maandishi yote lugha ya kigeni, hakuna mtu aliyewahi kumwambia asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Nililipa, nikaondoka, ule mchicha sikuupika.

Mwezi huohuo nikalima. Ilikuwa Juni. Nikapiga jembe, nikamwaga mbegu, nikamwagilia asubuhi na jioni. Miche ikatoka, ikafika urefu wa kidole, ikaanza kuwa ya njano, baada ya wiki tatu ikakauka yote. Nilidhani kulima kwa njia ya asili maana yake ni kuacha dawa tu. Kuacha dawa ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe iko kwenye udongo, na udongo wetu huku pwani ni mchanga: maji unayomwaga yanapita na kushuka na chakula chote cha mmea.

Fanya hivi kabla hujanunua mbegu. Chukua konzi ya udongo wa uani kwako, uloweshe, ukande kama unga wa maandazi. Ukishikana donge, una bahati, kuna mfinyanzi ndani. Wangu ulikuwa unapita katikati ya vidole kama sukari. Ukiwa na udongo wa namna hiyo, mbegu isubiri. Kwanza mboji, yaani mbolea ya majani na samadi iliyooza.

Naendelea.

Mama Matuta

MBOJI. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye bustani yote.

Chagua mahali penye kivuli, mimi nimeweka chini ya mkorosho. Upana mita moja na nusu hivi, na lundo lifike kifuani, maana lundo dogo halipati joto. Chini kabisa weka mabua ya mahindi au vijiti vya mbaazi ili hewa ipite. Halafu tabaka kwa tabaka: vitu vikavu (majani makavu, nyasi kavu, mabua), juu yake vitu vibichi (majani mabichi, mabaki ya mboga, maganda ya ndizi na maembe), juu yake samadi. Ng'ombe kwetu mjini si wengi, mimi hutumia samadi ya mbuzi na ya kuku. Nyunyiza maji kila tabaka mpaka liwe kama kitambaa kilichofuliwa na kukamuliwa, kibichi lakini hakidondoshi. Funika kwa makuti.

Sasa tafuta kijiti kirefu, kikavu, kichomeke mpaka katikati ya lundo, ukiache hapo. Baada ya siku tano au saba kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya ubadilishe mkono, lundo linafanya kazi. Kikiwa cha baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa cha baridi, kimelowa na kinanuka, maji yamezidi au vibichi vimezidi, ongeza majani makavu. Kile kijiti kimenifundisha kuliko mtu yeyote. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, cha nje kiingie ndani. Kwangu huchukua miezi mitatu, kipupwe inazidi kidogo. Ikiiva inakuwa nyeusi, inanuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, na hutambui tena ganda lilikuwa la nini.

Mambo ya kwetu hasa, ambayo huyakuti kwenye maelekezo ya watu wa mikoa mingine:

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaingia, msimu wake yanaoza kila mahali. Ila yatandaze kidogokidogo katikati ya majani makavu. Ukimwaga debe zima mahali pamoja yanachacha, yanageuka uji mkali, na nzi wote wa mtaa wanahamia kwako.

Majani ya mkorosho ni magumu, yanachelewa kuoza. Yavunje kwanza kwa kuyakanyaga, au yatumie kufunika tuta juu. Lakini maganda ya korosho ghafi USIWEKE. Kila aliyewahi kubangua anajua mafuta yale yanavyobabua vidole. Sitaki yawe kwenye udongo ninaochimba kwa mikono na watoto wangu.

Matumbo ya samaki kutoka feri ni chakula kizuri cha udongo, lakini yafukie chini kabisa, katikati ya lundo, la sivyo paka watalifumua usiku. Mwani unaotupwa na bahari nao unafaa, uoshe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi mpaka chumvi itoke.

Ngoja Masika

Dada asante sana kwa uzi huu. Swali: matuta yako umenyanyua? Mimi nilinyanyua kama tulivyofundishwa shuleni, maji yanakimbilia kwenye njia na tuta linabaki kavu.

Mama Matuta

Mdogo wangu, hata mimi nilinyanyua mwanzoni. Tuta la kunyanyua ni zuri kwa udongo unaotuamisha maji. Kwetu kiangazi unatakiwa kufanya kinyume, unazamisha.

Pima upana wa mita moja tu, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga ndani. Urefu unavyoweza. Chimba mpaka usawa wa goti, udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Chini tandika mabua na majani makavu, yakanyage kidogo. Halafu rudisha udongo wa juu ukiuchanganya na mboji, karai moja lililojaa kwa kila hatua ya tuta. Ukimaliza, uso wa tuta ubaki chini ya njia kwa upana wa kiganja. Ule udongo wa chini uliobaki tengenezea ukingo pembeni. Maji unayomwaga yanakaa ndani, na upepo wa kusi unapita juu.

Kusi msiudharau. Kuanzia Mei mpaka Septemba unakausha tuta kuliko jua. Mimi upande wa kusini nimepanda mstari wa mbaazi, zinakinga upepo, zinalisha udongo, na tunakula. Kabla hazijakua nilisimamisha makuti.

Na tandaza nyasi kavu juu ya tuta, unene wa vidole vinne, miche ikishashika. Siku ukifunua hizo nyasi saa nane mchana, ukaweka kiganja, ukakuta pako baridi na pabichi huku njia inaunguza nyayo, hutarudi kulima tuta tupu.

Fundi Salfa

Dada umegusa mkorosho, naomba niongeze, maana nimepulizia mikorosho miaka mingi. Salfa tunayopiga kuzuia ubwiriunga (ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho) haiishii kwenye maua. Inashuka chini, na ikikaa ardhini inafanya udongo kuwa na tindikali. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa Mtwara, waliliangalia jambo hili kwenye mashamba ya korosho. Kwa hiyo aliyenunua kiwanja kilichokuwa shamba la mikorosho ajue udongo wake huenda una tindikali pamoja na kuwa mchanga. Mboga nyingi zinadumaa hapo hata ukiweka samadi.

Pili, salfa yenyewe inakubalika katika kilimo hai, lakini zile dawa za maji tunazopiga siku hizi nyingi hazikubaliki. Ukiwa na jirani mwenye mikorosho, mwombe akujulishe siku ya kupiga, ufunike matuta, na mboga usivune siku hiyo.

Mama Matuta

Ahsante sana kaka, hili ni la kwetu na halisemwi. Kwangu lile tuta lililo karibu na mkorosho ndilo lilikuwa la mwisho kukubali. Nilichofanya ni majivu ya kuni, konzi mbili kwa kila hatua ya tuta, nikachanganya na udongo mwezi mmoja kabla ya kupanda, na mboji zaidi. Nilifanya hivyo mara moja kwa mwaka, kwa miaka miwili. Majivu ya plastiki au ya takataka za jalalani usitie.

Na jirani yangu mwenye mikorosho tulikaa tukaelewana. Ananitumia mtoto jioni: mama amesema kesho tunapiga. Namshukuru.

Mtoto wa Lindi

Shikamoo mama. Mimi niko Lindi mjini, kisima chetu kina maji ya chumvi. Ya kuoga tunatumia, ya kunywa tunanunua kwa dumu. Je, bustani niisahau?

Mama Matuta

Marahaba mwanangu. Usiisahau.

Kwanza tazama ndoo uliyoiacha juani mpaka ikakauka. Ukiona utando mweupe mzito chini, chumvi ni nyingi. Ukiwa mwembamba unaweza kulima, kwa kuchagua mboga. Spinachi na mchicha huvumilia. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii, usijisumbue. Mwagilia chini kwenye shina, usimwage juu ya majani, maji yakikauka yanaacha chumvi inayounguza jani. Mwagilia maji mengi mara chache, usimwage kidogokidogo kila siku, maana maji kidogo yanaiacha chumvi juu palepale kwenye mizizi. Mboji weka maradufu. Majivu usiweke kabisa, kwako yataongeza tatizo.

Mvua ndiyo dawa. Huku kusini tunapata msimu mmoja, mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na mvua hiyo inaosha chumvi ya mwaka mzima. Ukiweza, kinga maji ya bati kwa chochote ulichonacho.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako watu wamezoea kuvuna maji ya mvua kwa sababu visima ni shida. Alipokuja kukaa nasi, siku ya pili aliniona namwaga maji ya kuoshea mchele kwenye mchanga. Hakusema neno. Kesho yake nikakuta karai pale jikoni, na maji yote ya mchele, ya mboga, ya kusuuzia vyombo visivyo na mafuta yanaingia humo, jioni analibeba kichwani mpaka kwenye matembele. Tuta lile la matembele halijawahi kupata maji ya bomba tangu siku hiyo, na ndilo linalotulisha Oktoba nzima wakati mengine yamechoka.

Yeye pia ndiye aliyenionyesha kufukia chungu. Tafuta chungu cha kawaida cha udongo kisichopakwa rangi, kifukie katikati ya tuta mpaka shingoni, kijaze maji, kifunike. Maji yanapenya polepole ukutani na mizizi inayafuata yenyewe. Kwangu nakijaza kila baada ya siku tatu. Ila mwanangu chungu kitilie maji yasiyo na chumvi tu, chumvi inaziba vitundu vyake.

Ngoja Masika

Mimi nimepanga, mwenye nyumba hataki uwanja uchimbwe.

Mama Matuta

Gunia. Na sisi watu wa korosho tuna bahati, yale magunia ya juti yanapatikana. Chukua kopo kubwa la maziwa lililokatwa matako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto. Pembeni jaza udongo sehemu mbili na mboji sehemu moja. Vuta kopo juu, lijaze tena, endelea hivyo mpaka juu, unabaki na nguzo ya kokoto katikati inayopitisha maji mpaka chini. Toboa ubavuni kwa kisu, pachika miche ya chainizi, spinachi au sukuma wiki. Kwangu gunia moja linabeba miche 30 hivi. Juti linaoza baada ya msimu mmoja au miwili, unalitia kwenye mboji. Ukitumia sandarusi liweke kivulini, jua linalipasua na vipande vyake vinabaki kwenye udongo.

Korosho Tatu

Na wadudu? Hapo ndipo wengi tunarudi dukani.

Mama Matuta

Kweli kabisa, na sitakudanganya kwamba hawaji.

Mwarobaini ndio nategemea. Kilo moja ya majani mabichi, yatwange kwenye kinu (kinu ambacho hutwangii chakula), loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa ili dawa ishike. Punje za mbegu zina nguvu zaidi, gramu 50 kwa lita moja inatosha. Nyunyiza jioni, maana jua linaiharibu, na pindua jani, wadudu wamekaa chini yake. Usitegemee kuona wamekufa kesho asubuhi. Mwarobaini unamfanya mdudu aache kula na ashindwe kukua, unaona tofauti baada ya siku kadhaa. Rudia kila wiki na baada ya mvua. Watu wengi wanaukataa siku ya pili na kurudi kwenye kichupa, na hilo linaniumiza.

Vidukari kwenye kunde nawafuta kwa vidole nikiwawahi. Viwavi naokota asubuhi na watoto. Utupa, ule wanaovulia samaki, watu hunishauri. Sitii. Ni sumu kwa samaki, na kisima kiko karibu.

Nyanya niseme ukweli: ni ngumu. Tangu mdudu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, hakuna aliyelala. Ndiye yule anayechora njia nyeupe ndani ya jani kisha anaingia kwenye tunda. Mimi hupanda miche kumi tu, kipupwe, na kila siku nakata jani lililochorwa, nalifunga kwenye mfuko, naliacha juani siku kadhaa. Nusu ya matunda ninayapata. Anayeanza leo asianze na nyanya, atakata tamaa bure. Anza na mchicha, matembele, kunde za majani na bamia.

Ukiona mmea unanyauka mchana na maji yapo, ung'oe utazame mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo, wanapenda mchanga wetu. Bamia na nyanya usirudie hapo, panda karanga msimu unaofuata.

Korosho Tatu

Nikizidisha naweza kuuza gengeni nikaandika ni za kilimo hai?

Mama Matuta

Kuuza uza, na waeleze wateja unavyolima, waje waone. Lakini ile alama ya Kilimohai ina utaratibu wake. Afrika Mashariki ilikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na alama hiyo inapewa aliyekaguliwa. Usiibandike tu. Na mbegu tazama pakiti: zile za rangi ya waridi au buluu zimepakwa dawa. Mimi natunza zangu mwenyewe, mchicha, kunde na bamia, naacha mimea mitatu iliyo bora izae mpaka ikauke.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kama vumbi, ichanganye na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, itatoka sawasawa. Wiki tatu mpaka nne unakata. Kata, using'oe, acha vidole viwili juu ya ardhi, utachipua tena. Samadi ya kuku usiweke mbichi kwenye miche, inaunguza. Na kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa, kama saladi na karoti, samadi mbichi iwe imekaa ardhini miezi minne kabla ya kuvuna, kwa ajili ya afya ya watoto.

Mtoto wa Lindi

Mama, narudi kukuletea taarifa. Maji ya kisima niliyakausha kwenye ndoo kama ulivyosema, utando ni mwembamba. Lundo nimeliweka nyuma ya choo cha zamani, kwenye kivuli cha mwembe, majani makavu ya mwembe nimepata mengi na samadi ya mbuzi nimepewa na jirani. Kijiti nimekichomeka Jumapili. Leo asubuhi nimekichomoa, ni cha moto, nimekiachia.

Mama Matuta

Alhamdulillahi! Sasa kirudishe palepale. Majani ya mwembe ni magumu, kwa hiyo usigeuze kabla ya wiki mbili, na siku ukigeuza uwe na ndoo mbili za maji karibu, katikati utakuta pamekauka na pana utando mweupe kama majivu. Usiogope, ni vijidudu vizuri, vinakula. Loweka hapo kwanza, ndipo urudishie cha nje kwa ndani. Mbegu bado usinunue.